Ripoti zangu huenda wapi

Meneja wa senta ya skani ninakofanyia kazi mchana ameniomba maelezo yangu. Elimu, uzoefu, na hospitali zote ninazohusika nazo, wabandike pale mapokezi na pia watu wa bima wanaulizia. Nikasema sawa, hiyo ni kazi ndogo. Jioni nikakaa na chai nikaandika ile sehemu ya kwanza haraka haraka manake haina maneno: shahada ya udaktari miaka 6, mwaka mmoja wa intaship hapa hapa Russia (kwa wageni wa Kisumu, Russia ni ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kwenye barabara ya Kakamega, ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 60 na hilo jina limekataa kutoka hata bango libadilishwe mara ngapi), halafu udaktari wa kila kitu huko mashambani, kushona vidonda, kuzalisha, kutibu malaria, halafu nikarudi Chuo Kikuu cha Nairobi miaka mingine 4 kusomea radiolojia, yaani udaktari wa kusoma picha za eksrei na skani. Laisensi ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, unaihuisha kila mwaka na lazima uonyeshe pointi za masomo ulizokusanya. Basi, karatasi zimeisha.

Kazi ikawa ni kile kipengele cha unakofanya kazi, manake jibu la kweli ni kwamba niko kila mahali na siko popote. Asubuhi hospitali ya umma. Mchana hii senta ya binafsi. Kuna hospitali ya misheni kule nje ya mji ninayoenda mara moja kwa wiki kufanya zile ultrasaundi zilizowashinda, kuna wanafunzi ninaowafundisha, na usiku fulani fulani niko nyumbani na laptopu nasomea kampuni picha kutoka miji ambayo mingine sijawahi kukanyaga. Ukiorodhesha hivi inapendeza sana, mtu anasoma anasema huyu dakta ni mtu mkubwa, kumbe ukweli ni kwamba radiolojisti tu wachache huku kwetu kwa hivyo mmoja anagawanywa.

Na hii kugawanywa ilizidi kuanzia 2015 serikali ilipoanza ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, ukalenga hospitali 98 nchi nzima. Ubishi wa pesa zake nawaachia maseneta. Ninachojua mimi ni kwamba mahali palipokuwa na eksrei ya zamani ya kuosha filamu kwenye chumba cha giza pakaja mashine ya dijitali, na mashine huletwa na lori lakini msomaji wa picha hakuna lori la kumleta, lazima asome karibu miaka kumi na moja. Sasa picha zikawa nyingi kuliko macho ya kuzisoma, zikaanza kusafiri kwa intaneti kutafuta macho yalipo.

Wagonjwa wengi hata hawajui kama nipo. Anayewaambia vua mkufu, vuta pumzi, shikilia hapo hapo, ni radiografa, na yeye ndiye hushukuriwa na kuitwa dakta, wala sina wivu, radiografa mzuri aliyetoka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, akaniletea picha iliyopigwa sawasawa ameshafanya nusu ya kazi yangu. Mimi niko chumba cha nyuma chenye pazia, skrini mbili, na feni inayopiga kelele.

Watu wa bima wao wanapenda vyeti. Mmoja aliuliza kama nina cheti cha ushirika (fellowship) wa chuo cha madaktari cha ng'ambo, nikamwambia sina, akanyamaza kwa ile namna. Nilitaka kumwambia habari ya siti skani yenyewe, ile mashine ya eksrei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande vipande, lakini nikaona nitachelewa. Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeitengeneza, hakuwa na digrii ya chuo kikuu, alikuwa na diploma ya uhandisi wa umeme. Allan Cormack aliyepiga ile hesabu yake mapema zaidi alizaliwa Johannesburg, akaanza kulifikiria hilo jambo akifanya kazi ya fizikia pale hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na udaktari wa falsafa hakuwahi kuumaliza. Mgonjwa wa kwanza aliskaniwa kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971, na 1979 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba. Sasa hapo ungeweka profaili zao mapokezi bima ingewakataa.

Lakini kinachonigusa kwa Cormack si vyeti. Ni kwamba alichapisha hesabu zake 1963 na 1964 na karibu hakuna mtu aliyejibu. Mwenyewe alisimulia kwenye hotuba yake ya Nobel kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala ya makala yake lilitoka Uswisi kwa watafiti wa maporomoko ya theluji. Theluji! Umefanya kazi, umeituma duniani, halafu kimya.

Hicho kimya mimi nakijua vizuri, na ndicho kilichonifanya niiache hiyo fomu nusu nikaanza kuandika hapa.

Manake niliposoma ile orodha yangu niliona haisemi jambo moja ambalo kwangu ndilo linalotofautisha sehemu hizo zote, yaani ni wapi mtu hurudi kuniambia mgonjwa aliishia vipi. Radiolojisti anaandika maoni. Naandika "inaonekana kama", "inawezekana ni", "linganisha na vipimo vya maabara". Baadaye mtu anapasuliwa, au kinyama kinapelekwa maabara, au anapona, au anakufa, na hapo ndipo ukweli hujulikana. Ukiwa huambiwi ukweli huo ni kama refa anayepuliza penalti halafu anatolewa uwanjani kabla mpira haujapigwa. Unaweza kufanya hii kazi miaka ishirini bila kuambiwa, na kwenye ukuta wa mapokezi wataandika uzoefu wa miaka ishirini.

Pale hospitali ya umma, na shida zake zote, watu huniambia. Hakuna mfumo wowote, ni korido tu. Kuna daktari wa upasuaji ana tabia ya kunikamata nikienda kununua mandazi. Wakati fulani alinisimamisha nje ya wodi ya wanaume bado amevaa kofia ya theta akasema, "Dakta, yule kijana wako wa bodaboda, nimetoka kwake sasa hivi." Kijana aligongwa tumboni na hendobari ya pikipiki yake mwenyewe upande wa Ahero, wengu ilikuwa imepasuka kidogo na hiyo kila mtu aliiona, lakini kwenye siti skani kulikuwa na vitone vitatu vinne vyeusi mbele ya ini. Hii mashine hupima kila kitu kwa namba zilizopewa jina la huyo huyo Hounsfield, maji ni 0, hewa ni hasi 1000, na vile vitone vilikuwa karibu na hewa kabisa, na hewa mbele ya ini haina biashara hapo. Nikaandika utumbo huenda umetoboka, nikapiga simu theta pia manake ripoti ya karatasi huwa inalala. Sasa pale korido ananionyesha kwa kidole tundu lilivyokuwa dogo, ncha ya kidole chake cha mwisho, kwenye utumbo mwembamba hapo mwanzoni mwanzoni, na kando yake ile ngozi laini inayoshikilia utumbo ilikuwa imechanika. "Hiyo uliiona?" Nikarudi kwenye picha naye na mandazi yangu mkononi tukaitafuta pamoja, na ilikuwepo, ukungu mwembamba tu ambao ukiwa hujaonyeshwa mara moja na mtu aliyeushika kwa mkono utaupita. Tangu hapo mtu yeyote wa hendobari akija naanza na huo ukungu. Sasa hiyo elimu niliipata chuo gani? Naiandika vipi kwenye profaili?

Vivyo hivyo na magonjwa ya kwetu. Nairobi nilisoma kuhusu ini la kichocho, huku nikaliona kwa wavuvi wenyewe, unaweka proubu ya ultrasaundi unaona kuta za mishipa ndani ya ini zimekuwa nene na nyeupe, na wengu imeshuka hadi karibu na kitovu, unamuuliza mzee unavua wapi kabla hujamuuliza unaumwa wapi. Watoto wa seli mundu ambao kichwa cha mfupa wa paja kimekufa na kubonyea. Mtoto mwenye taya limevimba na meno yanalegea, ule uvimbe ambao Denis Burkitt aliuandika 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, hapo ng'ambo ya ziwa tu, na unafuata ukanda wa malaria kwa hivyo huku kwetu haushangazi mtu. Daktari wa watoto akikuambia baada ya wiki kadhaa za dawa kwamba taya limerudi, unapata nguvu ya kuamka kesho.

Nikuambie na ya yule mama wa Nyakach. Alikuja senta na barua ya siti skani ya kifua, eksrei ya kliniki fulani ilikuwa imeonyesha kivuli juu ya pafu la kulia, na nyumbani tayari walishafungua grupu la WhatsApp la mchango, jina la grupu lina neno kansa. Radiografa wetu ana mazoea mazuri, kabla ya lolote huuliza una picha za zamani? Mama akafungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso bahasha ya kaki imelainika kwa kukunjwa, ndani filamu ya eksrei ya zamani zile kubwa. Nikaitwa. Ile taa ya kusomea filamu siku hizi tumeigeuza rafu ya vikombe, kwa hivyo tukaishika dirishani. Kivuli kile kile, kona ile ile, ukubwa ule ule, na mistari ya kovu inavuta kuelekea juu jinsi TB ya zamani inavyoacha alama.

"Mama, hii ni ya lini?"

"Nyathina, mwanangu, hiyo ni wakati kifungua mimba wangu alikuwa anaingia sekondari. Nilimeza dawa za TB mpaka nikamaliza."

"Na sasa kifungua mimba yuko wapi?"

"Yuko Luanda na watoto wake watatu."

Kwa kawaida kivuli kigumu kikikaa miaka 2 bila kubadilika tunapumua, na hiki kilikuwa kimekaa mara nyingi zaidi ya hiyo. Nikaongea na daktari aliyemtuma, makohozi yakapimwa yakawa safi, siti skani haikufanywa na pesa ya watu ikabaki mfukoni. Baadaye alipita kuchukua bahasha yake akanipa habari kwamba grupu limegeuzwa jina linachangia harusi.

Sasa chukua mama huyo huyo, umpige picha mji mwingine saa tatu usiku, picha iniruke hewani inifikie kwenye laptopu bila leso na bila kifungua mimba. Kwenye fomu wameandika "Kikohozi. Tafadhali ripoti." Basi. Nitaandika kitu cha haki kabisa, kivuli juu ya pafu la kulia, yaweza kuwa TB ya zamani au mpya au uvimbe, linganisha na picha za awali kama zipo, na hakuna mtu duniani atanilaumu kwa hiyo ripoti, na mama ataenda kuingizwa bomba kifuani. Na mimi sitajua. Nitakuwa kwenye picha inayofuata, mguu wa mtu, halafu kichwa cha mtu.

Sisemi kusoma kwa mbali ni kubaya. Kuna hospitali bila sisi zingekaa na picha wiki nzima, na mgonjwa wa kiharusi hana wiki, na malipo yanalipa karo za watoto wangu sitajifanya hapa. Ninacholalamikia ni kwamba ujumbe pekee unaotoka upande ule ni "dakta ripoti imechelewa". Kwamba ilikuwa sahihi au haikuwa, hakuna. Nimewaandikia waratibu: kila ripoti niliyoitia alama nyekundu, nitumieni mstari mmoja tu, alipasuliwa ikapatikana nini, maabara walisema nini, hata kama hamjui niandikieni hatujui. Mmoja alijibu kwamba hilo halimo kwenye mkataba. Mwingine, sista mkuu wa hospitali moja ndogo ambaye hatujaonana, alianza kunitumia mara moja, kwa simu yake mwenyewe, na wa kwanza alikuwa mama mjamzito niliyeandika kwamba mimba imekaa nje ya mfuko. "Mrija wa kushoto, damu lita moja na nusu, amepona, ameenda nyumbani jana." Nimeisoma hiyo meseji mara nyingi kuliko cheti changu chochote.

Kwa hivyo mkataba ukiisha mwezi ujao nitabaki na hospitali ya yule sista na nyingine mbili zilizokubali, hizo zingine nitaziachia. Mke wangu amepiga hesabu ya pesa itakayopungua akauliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika kiasi, akacheka akasema hata kwangu unaandika ripoti. Na pale hospitali ya umma tumekubaliana na daktari wa upasuaji na watu wa maabara tuwe tunakutana Alhamisi saa moja asubuhi, kila mtu aje na kesi zake, picha upande huu, matokeo upande ule. Kitu pekee ambacho hatujakubaliana ni nani atakayeleta mandazi.