Bibi wa Kongwa

Usingizi umenikataa tangu tutoke Kongwa, na wa kulaumiwa ni bibi mmoja aliyejitanda kaniki.

Kazi yetu mnaijua, maigizo ya afya vijijini. Muheme kwanza, ile ngoma ya Wagogo, ili watu watoke majumbani. Mwalimu, kiongozi wetu, anawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", anaghani ngonjera yake (haiachi, eti huku ndiko kwao Mnyampala, mshairi aliyeanzisha ngonjera), ndipo igizo. Safari hii ni trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza. Mimi ndiye nyanya, kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho. Napapasa mlango, nagonga ndoo, watu wanacheka. Tumetaka wacheke hapo, ili mjukuu akija kujifuta uso kwa kanga ileile niliyojifutia mimi, wanyamaze. Nzi hatukuwaigiza, walikuja wenyewe.

Kwenye maswali waliuliza habari za maji, kama kawaida. Bibi hakuuliza kitu. Alinisubiri nyuma ya ofisi ya kijiji nikivua maleba.

"Mjukuu wangu, umepapasa vizuri."

"Asante, bibi."

"Ila mimi mchana sipapasi. Jua linanichoma, nafumba tu, nakaa. Napapasa likishazama."

Akashikwa mkono na mtoto, wakaenda zao.

Basi, ni hayo tu. Mfadhili amejibu hapana, mwenye stoo anataka chumba chake mwisho wa mwezi, na mimi bado niko nyuma ya ile ofisi. Njiani kurudi Dodoma, mpaka Mbande niliamini amenisifu. Tulipofika Chamwino nikaona amenisuta, tena kwa adabu zote. Ihumwa nikakumbuka kwamba wakati watu wanacheka, yeye alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa anacheka? Nimemuuliza kila mtu kwenye gari. Hakuna aliyemwangalia.

Alhamisi mazoezini Mwalimu akasema, haya, fumba. Nikakaa kwenye kigoda, nikafumba. Hakuna kupapasa, hakuna ndoo. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye kopo, mtoto akinawa, akipenga kamasi, na kwa mara ya kwanza nikataka kujua ni mjukuu yupi. Mistari yangu mitatu ikajifuta yenyewe. Jamani, nilifurahi kama mtoto wa sikukuu! Mwalimu hakusema neno, na Mwalimu asiposema neno mnajua maana yake.

Mama Wawili, mpiga ngoma wetu, akaweka ngoma chini. "Nani atatoka nyumbani kwake kumtazama mtu aliyefumba macho?" Siwezi kumpuuza. Yeye yuko tangu enzi za maigizo ya UKIMWI, mazoezi chini ya mti Chang'ombe ya hapa Dodoma, kabla ya usajili, kabla Serikali haijahamia huku 2016 na kodi za vyumba kupaa. Anajua kukusanya watu kuliko sisi wote. Tumekubaliana kicheko kihamie kwa baba mwenye nyumba, yule anayesema maji ya kunawa uso ni anasa, wakati ng'ombe wake wanakunywa pipa.

Muuguzi aliyefuatana nasi ameandika jina la bibi kwa upasuaji wa kope. Ni mdogo, wa ganzi. Hausafishi kovu lililokwishaingia kwenye jicho, ila kukwaruza kunakoma. Tukirudi nitamtafuta, nikae naye hata nusu saa.

Mama naye kapiga jioni: mtama umeanza kujikunja, mvua ya Februari haionekani. Nimemtumia ya dawa ya viwavi, na sasa nauli ya mdogo wangu kurudi chuo Jumapili sijui naitoa wapi.