Philoctetes na Donda Lake

Miaka michache iliyopita nilimuuguza babu yangu, aliyekuwa na donda ndugu mguuni lililokataa kila dawa, na kilichoniumiza kuliko hata donda lenyewe ni jinsi wageni walivyomjulia hali wakiwa mlangoni, kwa sababu ya harufu, kisha wakaaga. Tangu wakati huo, katika mashujaa wote wa Ugiriki ya kale, Philoctetes ndiye aliye karibu nami zaidi.

Mshairi Homer anampitia haraka. Katika kitabu cha pili cha Iliad, utenzi wake wa vita vya Troya, anapohesabu merikebu za Wagiriki zilizokwenda kuuvamia mji huo, anamtaja kuwa kiongozi wa merikebu saba, kila moja ikiwa na wapiga makasia 50 waliobobea katika upinde, kisha anaeleza kwamba kiongozi huyo hayupo, kwani aliumwa na nyoka na wenzake wakamwacha katika kisiwa cha Lemnos akiugulia. Aeschylus, Euripides na Sophocles, kila mmoja alimtungia tamthilia, lakini iliyotufikia nzima ni ya Sophocles tu, iliyoigizwa Athens mwaka 409 K.K. na kushinda tuzo ya kwanza, mtunzi akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Dio Chrysostom, msemaji wa Kigiriki wa zama za Warumi aliyezisoma zote tatu, anatueleza kwamba katika tamthilia za wale wawili wengine korasi, yaani kundi la waimbaji jukwaani, ilikuwa ya wenyeji wa Lemnos. Sophocles aliwaondoa wenyeji wote, ingawa kwa Homer kisiwa hicho kina watu na hata divai yake inauzwa kwa jeshi. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ndio uliompa Philoctetes uhai wake, kwa sababu donda linageuka kuwa nusu tu ya mateso, na nusu ya pili ni miaka kumi ya kukosa mtu wa kuzungumza naye.

Katika tamthilia hiyo Odysseus, kiongozi mjanja wa Wagiriki ambaye ndiye aliyemtelekeza, anarudi kisiwani na kijana Neoptolemus, mwana wa shujaa Achilles, kwa kuwa imetabiriwa kwamba Troya haitaanguka bila mgonjwa huyo na upinde aliopewa na Heracles, shujaa aliyekuja kuwa mungu. Wanalikuta pango likiwa tupu. Ndani mna majani yaliyolaliwa na kikombe cha mti kilichochongwa na mtu asiye fundi, na kando yake matambara yenye usaha yameanikwa juani. Niliposoma kuhusu matambara hayo nilifunga kitabu kwa muda. Mwenyewe anapotokea, anawasihi wageni waseme neno lolote, na Neoptolemus anapomjibu kwa Kigiriki, anaifurahia kwanza ile sauti ya lugha yake.

Kijana ametumwa kumdanganya, naye anamdanganya vizuri. Kisha maumivu yanampanda Philoctetes, naye anapiga mayowe, papai, papapai, ambayo Sophocles ameyaingiza moja kwa moja katika shairi, akiomba akatwe mguu kwa upanga. Kabla ya kulala anamkabidhi kijana upinde. Hila imefaulu, lakini Neoptolemus ameshaona uchungu wa mtu kwa macho yake, na baada ya kusitasita sana anaurudisha upinde huo mbele ya Odysseus mwenyewe.

Mwaka 1990 Derek Walcott wa Saint Lucia, katika utenzi wake Omeros, alimpa mvuvi jina la Philoctete na donda lililotokana na nanga yenye kutu. Huyo anaponywa na mwanamke, Ma Kilman, kwa mmea anaoutafuta mlimani. Katika tamthilia ya Sophocles hamna mwanamke hata mmoja, na lazima Heracles ashuke kutoka mbinguni ndipo mgonjwa akubali kwenda Troya kutibiwa. Wako wanaouona mwisho huo kuwa wa kulazimisha. Mimi naukubali kwa sababu ya kinachofuata: Philoctetes hapandi chomboni kimyakimya, bali analiaga pango lililokesha naye, anaziaga chemchemi alizokunywa, na mngurumo wa bahari kwenye rasi, ambako mara nyingi upepo wa kusi ulimrushia maji kichwani hata akiwa ndani.