Siku moja na leza ya kijani, na doa jekundu lililoniumbua

Saa mbili asubuhi niko maabara, kazi yetu ni kutambua vitu kwa kuvipiga leza na kusoma mwanga unaorudi, kitu cha kwanza nawasha leza naiacha nusu saa itulie, maana ukiikurupukia namba zinahamahama mchana kutwa. Detekta, yaani kifaa kinachopokea huo mwanga, nayo inapoa hadi nyuzi -60, bila hivo ni kelele tupu.

Saa mbili na nusu naweka kipande cha silikoni chini ya lenzi. Hiki ndo jiwe letu la mzani, kilele chake kwenye grafu lazima kikae 520.7 (namba hizi zinaonyesha mwanga umebadilika kiasi gani, tunahesabu mawimbi ndani ya sentimita), leo kimekaa 519.8, nikarekebisha. Kwa asiyejua, ukipiga leza kwenye kitu mwanga karibu wote unaruka na rangi ileile, ila kachembe kamoja kama kati ya milioni kumi kanatoka kamebadilika rangi kidogo kwa sababu kametikisana na atomu, na hako ndo tunakokatafuta siku nzima, maana kila kitu kina namba zake. Almasi inatoa 1332, grafiti karibu 1580, zote kaboni lakini huchanganyi. C.V. Raman, mwanafizikia wa India, aliliona hili 1928 leza hazijazaliwa, alianza na mwanga wa jua na vichujio, na mimi nalalamika kompyuta nzito.

Saa tatu na nusu ndo msala ukaanza. Mwenzangu kaniletea unga mweusi aliopika mwenyewe, anasema magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma, na kweli unakimbilia sumaku. Napima, natarajia kilele karibu na 668, naona 225, 292, 411. Hiyo ni hemataiti bwana, ile oksidi nyekundu ya kwenye kutu! Nikamwambia umekosea mapishi, akanuna.

Nikarudia, yaleyale. Saa tano nikazima leza, nikawasha taa ya darubini niangalie kwenye skrini (kwenye lenzi ya jicho sichungulii hata kwa dawa, na mlango wa chumba hiki sivuki bila kuvaa miwani ya kuzuia leza), kumbe pale nilipopiga pana doa dogo jekundu, pembeni kote kweusi! Yaani mpishi mbaya ni mimi. Nilisahau kichujio cha kupunguza nguvu ya leza, miliwati 10 zote zimeshuka kwenye nukta ya maikromita moja. Miliwati 10 unaziona kidogo, ila kwenye nukta ile ni mara milioni kadhaa ya jua la saa sita, unga mweusi unanywa joto lote, oksijeni ya hewani inamalizia, magnetaiti inageuka huku wewe unaipima.

Nikashusha hadi asilimia 1, nikasogea sehemu mpya, nikasubiri dakika ishirini. 668 ikatoka, dhaifu lakini yenyewe. Afu karibu na 484 pakachomoza kilele chembamba kama sindano, hakuna oksidi ya chuma yenye sura hiyo. Nusu saa nakuna kichwa, kumbe ni taa ya dari, zile za mirija yenye zebaki, mstari wake wa nanomita 546 ukipimwa kutokea leza ya 532 unaangukia hapohapo. Nikazima taa, kikapotea.

Mchana ulipita kwa kupima nukta thelathini za unga uleule kwa nguvu ndogo, sina cha kusimulia hapo.

Saa kumi na moja nikamtumia mwenzangu grafu na picha ya doa. Kajibu na emoji moja tu, ya sumaku.