Skrubu ya Nane

Jumapili nilikuwa jikoni nachambua mchele nikaisikia ile sauti kutoka uani. Sijui kama ina jina. Si kishindo wala si mkwaruzo. Ni kama kijiti kikavu kimevunjikia ndani ya kiganja, halafu kimya. Nikaweka ungo chini. Aliyewahi kuisikia mara moja haelezwi tena: alenkii, ule ufunguo wa pembe sita, imeteleza ndani ya tundu la skrubu, na tundu lililokuwa na pembe sita sasa ni duara.

Mwanangu wa pili (yule asiyetulia) alikuwa amechuchumaa penye baiskeli anataka kushusha kiti.

"Nimeikuta hivihivi, baba," akasema kabla sijauliza chochote.

Nikainama kutazama. Chuma kilichokwaruzika siku nyingi huwa kimefubaa. Hiki kiling'aa kama sarafu iliyotoka benki. Nikamwambia "haya", nikarudi kwenye mchele wangu, lakini sikuuchambua tena. Nilikuwa nimeshafika Keko, Dar es Salaam, mwaka 2011.

Mwaka ule wa mgao, sisi wa karakana ndogo tulifanya kazi kama popo. Umeme ukirudi saa tano usiku, ndiyo asubuhi yetu. Mashine ya kukereza ya Mzee, mwenye karakana yetu, ilikuwa mtumba wa Kiingereza, nzito, na kila kitu chake kilipimwa kwa inchi na suti (suti ni sehemu ya nane ya inchi). Chaki haikuja nayo, Mzee aliinunua baadaye, na yenyewe ilikuwa ya milimita. (Chaki hii si ya mwalimu. Ni ile inayokaa mbele ya mashine na kuung'ata mti kwa meno manne wakati unazunguka.) Kila jino limeshikwa na skrubu mbili, jumla nane, na zote zinafunguliwa kwa alenkii ya milimita 5.

Shida ilikuwa kwenye mtoto wa meza. Mle alenkii za koo mbili zililala pamoja, za inchi na za milimita, bila alama. Ya suti moja na nusu ina milimita 4.76. Ukiitia kwenye tundu la milimita 5 inaingia bila ubishi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ingekuwa kubwa ingegoma mlangoni, ukajua umekosea. Hii inakukaribisha, inakaa, unaivuta, inashika kidogo. Inasubiri uweke nguvu.

Siku moja nilikuwa nakereza mpingo, vishikio vya bakora. Mimi peke yangu. Mzee hakumpa kila mtu mpingo. Ni mti ghali, mzito hadi unazama majini, na ukiipeleka patasi vibaya inakurudi. Nilijiona nimefika. Nilikuwa nimefunga meno madogo kwenye chaki, na moja lilianza kucheza. Jua linazama, umeme unakaribia kukatika, nikapeleka mkono kwenye mtoto wa meza bila kuangalia. Skrubu ya mwisho nikaivuta kwa uzito wa mwili mzima ili isilegee tena.

Ndipo sauti ile ikatoka.

Mzee alikuwa ameenda kuswali magharibi. Mwenzangu, ambaye tulimwita Handeni kwa sababu alitoka huko, alikuwa anakunja turubai. Nikachungulia tundu: duara. Skrubu yenyewe ilikuwa imekaza vizuri sana, imekaza kuliko zote. Nikachota vumbi la mpingo kwa ncha ya kidole, nikalijaza mle ndani, nikadondoshea gundi ile kali, nikasawazisha kwa msasa. Mafundi mnajua: ndivyo tunavyoziba ufa kwenye mti, vumbi la mti uleule na tone la gundi, mteja haoni kitu. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Kwa wiki mbili nilikuwa naomba Mungu asije mtu mwenye shida na meno makubwa.

Akaja. Hoteli moja ya Unguja ilitaka bakuli za mninga, na bakuli huzishiki kwa meno madogo. Mzee akampa Handeni kazi ya kuyafungua. Saba zikatoka. Kwenye ya nane alenkii ikagoma kuingia, na Handeni, ambaye alikuwa na roho nzuri na papara, akadhani ni uchafu tu umejaa. Akachukua nyundo, akaigonga alenkii iingie. Akagonga tena. Tundu likazidi kuliwa midomo. Mzee alipofika na kunyang'anya ile nyundo, kila aliyekuwepo aliamini amemwona mharibifu kwa macho yake. Na mimi nilikuwepo.

Tukamwagia mafuta ya taa kuzunguka kichwa, tukaiacha ilale nayo. Kesho yake Mzee akaigonga pembeni taratibu, kuamsha nyuzi. Wapi.

Usiku wa pili ndio ninaoukumbuka hadi harufu yake. Umeme haujarudi. Handeni amejilaza kwenye magunia ya maranda, anakoroma. Mzee ameibana chaki kwenye jiliwa, amevaa miwani yake yenye mguu mmoja wa uzi, na mimi nimeshika chemli.

"Isogeze," akasema. "Zaidi. Hapo."

Akachukua shazia, ile sindano ya kushonea magunia, akaichoma kwenye moto wa chemli mpaka ncha ikawa nyekundu. Akaidunga tunduni. Moshi mwembamba ukatoka, moshi ule wa gundi unaochoma macho na pua kwa pamoja. Akasimama kidogo. Akaipasha tena shazia, akadunga tena, na safari hii akang'oa kipande, kidogo kama punje ya ufuta, cheusi ti. Akakiweka kwenye kiganja.

Pale mezani, chini ya zile skrubu saba zilizotoka jana, kulikuwa na vivumbi vyao. Vumbi laini, la rangi ya mninga, la mbao ya kila siku. Mzee akalitazama vumbi lile, akatazama kiganja chake. Akakibonyeza kile kipande kwa ukucha. Hakikuvunjika. Akakinusa. Mtu aliyekuwa anaweza kukutajia mti ulio chini ya rangi kwa kuukwaruza na kuunusa, alinusa punje moja kwa muda ambao mimi niliuona ni usiku mzima. Nilisikia mbu. Nilisikia jenereta la jirani mtaa wa pili. Nilijua sasa atainua uso, na nilikuwa nimeshatunga sentensi tatu, zote za uongo, nikawa nachagua.

Hakuinua uso. Alikuwa anatazama kivuli cha chaki ukutani, ambacho kilikuwa kinacheza.

"Taa inatikisika."

"Mkono umechoka, Mzee."

"Basi badilisha mkono."

Nikabadilisha mkono. Akafuta kiganja kwenye shati, akaendelea kuchokoa.

Mengine yalienda haraka. Tundu liliposafika tukaligongea alenkii kubwa ya inchi kwa nguvu ili ing'ate. Ikazunguka bure. Umeme ukarudi, mtaa mzima ukasema "aaah" kwa pamoja, na Mzee akachukua drili na biti ya milimita 6 na nusu. Skrubu yenyewe ni ya milimita 6, kwa hiyo biti hiyo inakula kichwa kizima bila kugusa nyuzi za chaki. Na lile tundu tulilolilaani siku mbili ndilo lililoiongoza biti katikati. Mwendo wa pole, tone la mafuta, tone la mafuta. Kisha kichwa kikakatika kikabaki kinazunguka kwenye biti kama pete. Jino likanyanyuka lenyewe. Kikabaki kisiki cha skrubu kimesimama wima.

"Itoe," Mzee akaniambia.

Nikatafuta plaizi.

"Kwa vidole."

Ikatoka kwa vidole viwili. Nguvu yote ilikuwa kichwani, kinapolikandamiza jino. Kichwa kikiondoka, nyuzi hazina kinachozivuta. Hili nimewaeleza vijana wengi tangu hapo, na kila nikilieleza nakumbuka kwamba aliyenieleza alikuwa ananitazama vidole, si usoni.

Asubuhi nilitumwa mtaa wa Gerezani kununua skrubu moja. Niliporudi nikamkuta Mzee amepanga alenkii zote mezani, anazipaka za milimita rangi ya kucha nyekundu ya mkewe. Hakumkata Handeni hata shilingi. Mimi hakunipa mpingo tena hadi mwaka ulipoisha, ingawa hilo laweza kuwa ni kwa sababu mpingo wenyewe ulikuwa haupatikani. Nimelipima mara nyingi hilo, sijapata jibu, na Mzee hayupo tena wa kuulizwa.

Handeni aliitwa Nyundo kwa miezi. Alicheka nalo jina.

Mwaka jana nilikutana naye stendi ya Msamvu, Morogoro. Kanenepa, ana karakana yake, ana vijana sita chini yake. Tukanywa soda tumesimama. Akanishika bega akasema, "Unaikumbuka ile skrubu niliyomharibia Mzee? Ndugu yangu, mpaka leo kwangu nyundo haisogei karibu na chaki. Kijana akiigusa, anarudi kwao siku hiyohiyo. Yule mzee alinifundisha bila kunipiga hata kofi."

Miaka yote hiyo. Ametunga sheria nzima ya karakana juu ya kosa ambalo si lake, na sheria yenyewe, ukiitazama, ni nzuri. Vijana wake wawili alishawarudisha makwao kwa ajili yake. Nikafungua mdomo. Nikamwambia basi langu linapiga honi.

Honi yenyewe ilipigwa dakika kumi baadaye.

Baiskeli imeegemea ukuta wa uani hadi leo, kiti chake juu kama shingo ya twiga. Kijana anapita kando yake akienda shule, haitazami; na mimi nikipita nayo sijui kwa nini naangalia pembeni. Kuitoa ile skrubu ni kazi ya nusu saa. Drili ninayo, biti ya 6 na nusu ninayo. Naingoja jioni, giza liingie kidogo, nimwite aje kunishikia taa. Nimeshaingoja jioni hiyo mara nne.