Gurudumu kubwa na ng'onda za mjomba

Mvua zote hizi nimekuwa nikisoma safari ya Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco Aprili 1884 juu ya baiskeli ya zamani, ile ya gurudumu moja kubwa na jingine dogo, akaizunguka dunia, akaja kumalizia Yokohama, Japani, Desemba 1886. Mzigo wake: soksi, shati la akiba, koti la mvua alilolifanya pia hema na tandiko. Na bastola. Tairi lilikuwa mpira mtupu, maana tairi la upepo la Dunlop lilikuja 1888, kwa hiyo pancha hakuijua. Ila gurudumu likigonga jiwe, yeye anatangulia kwa kichwa. Milimani na kwenye mchanga alisukuma.

Kinachoninasa ni watu. Huko Uturuki na Uajemi kila kijiji kinamzunguka, kinamtaka apande wamwone. Apende asipende atapanda, maana jioni ile chakula na pa kulala viko kwao. (Dharau za wakati ule nazo zimo, kuna kurasa naziruka.) Mwaka 2017 Mark Beaumont naye aliizunguka dunia kwa baiskeli, siku 78 na ushei, magari ya timu yakimfuata na chakula tayari. Miguu ile naiheshimu sana. Lakini maji angemwomba nani, na kwa nini?

Mimi Lindi naenda kwa gari. Mikindani hiyo, Mpapura hiyo, Mnazi Mmoja nakata kulia, nimefika. Niliyezungumza naye ni muuza korosho dirishani, tena tulizungumza bei tu. Lami siilaumu. Aliyewahi kungoja kivuko cha Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 hawezi kutamani yarudi yale.

Nilimsimulia mjomba habari za Stevens, naye akacheka. "Koti tu? Mimi nilibeba gunia."

Ujanani alipeleka ng'onda, samaki wakavu, kwa baiskeli kutoka Mikindani hadi Nanyamba. Karia aliiongezea nondo, mzigo akaufunga kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kupanda alisukuma, kama Stevens. Kushuka, breki zikimkataa, alikandamiza kandambili kwenye tairi. Alijua nyumba ya kunywea maji, nani kafiwa, nani wa kumkopesha mpaka korosho ziuzwe. Njia moja miaka na miaka. Nadhani aliwajua wenyeji wake kuliko Stevens, aliyelala usiku mmoja akaondoka, alivyomjua yeyote kati ya Istanbul na Tehran.

"Mbona hukuandika, mjomba?"

"Niandike nini, mjomba? Ile ilikuwa kazi."

Sasa namrekodi kwa simu, baada ya swala ya alasiri. Anasimulia taratibu, kilima kwa kilima, na kila nyumba anasimama kuuliza kama mwenyewe bado yu hai, kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Nanyamba hatujafika. Tumekwama kwa mtu mmoja aliyechukua ng'onda kwa ahadi ya msimu wa korosho, na mjomba bado anamdai.