Mizani kabla ya saa: kumpima mkimbiaji wa pwani ya Mtwara

Vitabu vya sayansi ya mazoezi huanza na tredmili, barakoa ya kupimia pumzi na chumba chenye kiyoyozi. Anayefundisha somo hili Mtwara, hasa kama naye ni mtu wa kukimbia barabarani, hugundua mapema kwamba kifaa chenye faida kuliko vyote ni mizani ya uzito inayosoma hadi gramu 100. Saa ya mkononi itafuata.

Mizani ndiyo huonyesha mtu ametoa jasho kiasi gani, na sababu ya kulipima ni hewa. Jasho halipoozi mwili kwa kutoka tu. Linapooza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Ikidondoka chini, umepoteza maji na chumvi, joto limebaki palepale. Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Mtwara na Lindi imeshashiba maji, na jasho huchuruzika mpaka ndani ya viatu. Kwa hiyo muda wa mtu mmoja kwenye barabara ya Mikindani mwezi wa Februari haulinganishwi na wa Julai, kusi ikivuma. Mwalimu anayeulinganisha anamwonea mwanafunzi wake. Wengi hudhani kuamka saa 12 asubuhi kunamaliza tatizo. Unakwepa jua, ndiyo, lakini saa hizo ndipo unyevunyevu unapokuwa juu zaidi.

Upimaji wenyewe hauna gharama. Mkimbiaji aende haja ndogo, abaki na nguo ya ndani kavu, apande mizani iliyowekwa kwenye sakafu ya saruji; ikiwekwa juu ya mkeka au mchanga, inadanganya. Chupa yake ya maji nayo ipimwe, peke yake. Akimbie saa nzima kwa kasi yake ya mazoezi. Akirudi avue kila kilicholoa, ajifute vizuri pamoja na nywele, avae nguo ya ndani kavu kama ile ya mwanzo, kisha apande tena. Tuseme ameondoka na kilo 61.4, amerudi na 60.1, na amekunywa mililita 400. Amepungua kilo 1.3; ongeza 0.4 aliyokunywa, jasho lake ni lita 1.7 kwa saa. Kama alikojoa njiani, kiasi hicho kitolewe.

Kinachoharibu majibu mara nyingi ni fulana. Ya pamba ikiloa hubeba robo kilo bila shida, na ukimpima nayo utaamini hatoki jasho jingi. Kosa jingine ni kupima siku moja na kuifanya sheria ya mwaka mzima. Pima kaskazi, pima na kusi.

Namba hiyo haimaanishi anywe lita 1.7. Tumbo la mtu anayekimbia kwa kawaida hupokea lita moja kwa saa kwa taabu. Shabaha ni asipungue zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake. Kwa huyu ni kilo 1.2, kwa hiyo maji kidogo zaidi yangetosha. Akirudi mzito kuliko alivyoondoka, amekunywa kupita kiasi: sodiamu, yaani chumvi ya damu, inazimuliwa, kichwa kinauma, anatapika, na hali ikizidi anachanganyikiwa. Watu humwongezea maji, na hapo ndipo wanapomuumiza.

Madafu tunayasifu sana huku, na yana potasiamu tele, lakini jasho huondoka zaidi na sodiamu, ambayo madafu hayana ya kutosha. Kwa mazoezi yanayozidi saa moja na nusu, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi vinafanya kazi vizuri. Vijiko viwe vya kufuta, si vya kurundika.

Mwalimu mwanamichezo ana ugonjwa wake: huufanya mwili wake kuwa kipimo cha wengine. Yeye amezoea, darasani yupo aliyefika jana kutoka baridi ya Njombe. Kuna anayetoa nusu lita kwa saa na kuna anayepita lita 2, wote wazima. Shahada hufundisha wastani. Idara ya Elimu ya Viungo na Sayansi za Michezo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya ni milango mizuri ya kuingilia kazi hii, lakini kumtazama mtu mmojammoja hujifunzwa uwanjani.

Mgeni apewe siku 10 hadi 14: dakika 60 hadi 90 kila siku, polepole. Wiki ya kwanza maji ya damu huongezeka, na akikimbia kwa kasi ileile mapigo ya moyo hushuka. Kisha jasho huanza mapema zaidi na chumvi yake hupungua. Akikaa kwenye baridi wiki 3 au 4, faida kubwa inapotea. Kwenda Newala ni raha kwa ubaridi, ila uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, haufiki mita 1,000, kwa hiyo usiutegemee kuongeza damu kama milima ya kaskazini. Mazoea ya joto ndiyo mali ya pwani, na si mali ndogo: Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 katika joto na unyevunyevu, kwa tofauti ya sekunde 0.03.

Mkimbiaji akianza kuyumba, kujibu ovyo au kugombana bila sababu, usimsubirishe gari akiwa na joto lake. Kivuli, nguo zitoke, maji mengi ya baridi mwili mzima, kwenye beseni kubwa au pipa likiwepo, na mtu ampepee. Apoozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Asipojitambua, asinyweshwe kitu.