Boksa na Upepo wa Omo: Kumbukumbu ya Safari ya Malindi–Loiyangalani

Wiki tatu kabla

Nimeamua: Loiyangalani, ziwani Turkana, peke yangu na pikipiki yangu, Boksa 150. Binamu yangu ashikilia niende Moyale kwa kuwa lami imefika mpaka mpakani. Ana hoja, lakini ile lami mabasi huipita kila siku. Mimi nataka ile njia ya kushoto pale Laisamis.

Pikipiki ya Malindi huoza kabla ya kuchakaa. Chumvi. Jana jioni nilikaa uani na spana namba 10, nikagonga spoku za gurudumu la nyuma moja baada ya nyingine. Spoku nzima hulia ting. Iliyolegea hutoa sauti ya mkebe. Sita zililia mkebe, na mbili kati ya hizo, nilipozifuta kutu kwa kitambaa chenye dizeli, zilikuwa zimeliwa pale shingoni zinapoingia kwenye habu, zimebaki kama sindano ya kushonea magunia. Fundi wangu wa Shella alisema tubadilishe nane yatosha. Nimebadilisha zote za nyuma, akacheka, akachukua pesa.

Wiki moja kabla

Njia fupi kwenye ramani ni ya Sala: ukate Tsavo Mashariki, utokee Voi. Pikipiki haziruhusiwi mbugani, na ukiwafikiria simba huoni la kubishana. Basi ni Mombasa, kisha malori hadi Nairobi.

Hesabu ya petroli ndiyo iliyonikesha. Tangi lachukua lita 11, na Boksa yangu huenda kilomita 45 kwa lita nisipozidi mwendo wa 60. Naondoka Februari, kaskazi, ule upepo utokao kaskazini, imekolea. Nikapiga hesabu ya baharia: kwenda kaskazini ni upepo wa omo, unaokupiga usoni, kurudi ni wa tezi, unaokusukuma mgongoni. Kwa hiyo Laisamis nijaze tangi na mtungi wa lita 5 juu yake. Kurudi tangi litatosha na kubaki. Nimeiandika hesabu hii kwa kalamu nyekundu ndani ya daftari, na bado ipo, sijaifuta.

Siku ya 1 hadi ya 3

Malindi hadi Mtito Andei, Mtito hadi Nanyuki. Malori, malori. Hakuna la kusimulia.

Baridi ya Timau lakini ni kisa. Nilivaa fulana mbili, shati, koti la mvua na kikoi nimekizungusha shingoni, na bado vidole viliganda hata klachi nikaivuta kwa kiganja. Boksa nayo iliugua, ikawa nzito, inakohoa moshi mweusi kila nikifungua mafuta. Huko juu hewa ni nyepesi na kabureta yangu imepimwa kwa hewa ya pwani. Sikugusa kitu. Kuteremka Isiolo ikapona yenyewe.

Tangu Isiolo kila mtu aniita "mtu wa Mombasa". Nilibisha mara mbili kwamba natoka Malindi, nikaona napoteza mate.

Siku ya 4

Laisamis nilijaza kila kitu, nikaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hii barabara ilitengenezwa upya kwa ajili ya kupitishia mitambo ya upepo, kilomita 208 hadi kwenye mitambo yenyewe. Changarawe nzuri kwa muda, halafu inakuwa kama bati la paa. Ukienda polepole meno yagongana, ukikaza kidogo pikipiki huelea juu ya mawimbi na wewe unasoma shahada.

Baada ya Illaut keria ilikatika. Kosa langu: lita 10 za maji zote upande wa kulia, na daftari upande wa kushoto. Nilishusha mizigo kivulini mwa mgunga, nikaifunga kwa kamba ya manila niliyopewa na ami yangu mvuvi, fundo la kufungia nanga. Vijana wawili wa Kisamburu walisimama wakitazama. Mmoja akalivuta lile fundo kwa nguvu zake zote, likagoma, akaniambia, "Hii ni nzuri kwa ngamia."

Kupita South Horr bonde linafunguka, na pale Sarima yakatokea mapanga. Mitambo 365, megawati 310. Ilimaliza kusimamishwa 2017 ikakaa bure ikingoja laini ya umeme, iliyofika 2018. Nilizima injini nikasikiliza. Ni kama mtu anapepeta mchele uwanja mzima.

Kutoka hapo ni mawe meusi ya volkano, na ziwa la kijani chini. Nimefika kilomita 231, lita 4.6. Kilomita 50 kwa lita! Nikajisifu kwa vile nilivyosafisha kabureta. Jioni hiyohiyo kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amekaukiwa, nikamuuzia ule mtungi wa lita 5 kwa bei niliyonunulia.

Usiku, Loiyangalani

Kuna mikoma kwenye chemchemi, nikajiona niko nyumbani. Saa tatu upepo ukaanza. Saa tano ukaiangusha Boksa. Nikatoka na tochi, nikaifunga kwenye mkoma kwa manila, na hapo ndipo nikatazama mchanga unatoka wapi. Kusini-mashariki.

Huku upepo ni huo mwaka mzima. Unatoka upande wa bahari yetu, ukifika hapa unabanwa baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, na ukibanwa hukimbia, kama maji ya bamvua yanavyopita mlango wa hori ya Mida. Siku nzima nilikuwa nasukumwa. Mama alipiga simu kuuliza kama kaskazi ni kali huko. Nikamwambia, mama, huku kaskazini ni kusi tupu.

Tangini lita 6.4.

Siku ya 6

Mzee mwenye nyumba aliniambia nisiondoke alfajiri, upepo hulala mchana. Mimi niliogopa jua, nikaondoka alfajiri. Gia ya tatu, kidevu juu ya tangi, kilomita 35 kwa saa, mchanga wagonga helmeti kama mvua ya mawe. Kilomita 90 hadi South Horr zilikula lita 3.1. Nikanunua petroli lita 3 kwenye chupa za soda, bei sitaitaja mama asije akasoma, na nikakaa chini ya mti mpaka saa saba. Baada ya hapo kweli upepo ulilegea. Hadi Laisamis jumla lita 7.4.

Nyumbani

Nimefungua kichujio cha hewa uani. Vumbi la kijivu, laini kama poda, limejaza kifuniko cha sufuria. Spoku zote zimelia ting. Keria nimeipeleka ichomelewe upya, safari hii na bamba chini. Ninayoitaka sasa ni North Horr kupitia jangwa la Chalbi, kwa mitungi miwili, na nitaondoka saa saba mchana.